Wana wa Delta, Saa ya Kuingia ni Hii

Enyi watu wa Kibiti! Enyi watu wa Nyamisati na Salale, wa Mbwera na Kiongoroni! Wazee wangu mliokesha madunguni mkiulinda mpunga, mama zangu mnaochambua kambamiti alfajiri, nanyi vijana mnaokaa gatini mkisubiri maji yajae ili boti iondoke: nipeni masikio. Nina neno moja, na linaniwaka moyoni. Dunia imeanza kubadilisha mata ya kutengenezea chipu za kompyuta. Silikoni, iliyotawala tangu babu zetu wakiwa vijana, inatafutiwa warithi. Badiliko la namna hii halimkuti kila mtu katika umri wake. Limetukuta sisi, na ole wetu likipita tumekaa.

Nitaanza na kilicho chini ya miguu yetu. Pale Mkukutu, hapa hapa karibu na Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua ardhi akakuta shanga za kioo zilizotoka katika dola ya Roma. Habari zake zilichapishwa mwaka 1999. Chami anashikilia kwamba Rhapta, soko la mwisho la pwani hii linalotajwa katika Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, lilikuwa upande huu wa Rufiji. Itazameni orodha ya biashara iliyomo katika kitabu hicho. Kilichotoka kwetu: pembe za ndovu, pembe za vifaru, magamba ya kasa. Kilichokuja kwetu: mikuki, mashoka, sime, na vitu vya kioo.

Na kioo ni nini, ndugu zangu? Ni mchanga! Mchanga uliopita motoni, mikononi mwa mtu aliyejua kiasi cha moto na kiasi cha magadi. Sisi wenye mto uletao mchanga usiku na mchana tulitoa meno ya tembo tupewe mchanga wa watu wengine.

Zikapita karne. Majahazi yakaja Simba Uranga, deltani hapa, kupakia boriti za mikoko, na boriti zetu zikabeba dari za nyumba huko Oman na kote katika Ghuba. Jahazi likiondoka, hapa hubaki visiki. Wakaja wanunuzi wa kambamiti, na barafu yao, na mizani yao. Leo kila kijana wa delta ana simu mfukoni, na ndani ya simu hiyo mna kipande cha silikoni kilichosafishwa na kuchorwa ng'ambo. Tumekinunua kwa mpunga, kwa samaki, kwa mkaa. Miaka elfu mbili, na biashara ni ile ile!

Msiniambie kwamba hayo ndiyo maumbile yetu. Katika ardhi hii hii ya Rufiji wanaakiolojia wamekuta mavi ya chuma, masalia ya watu walioyeyusha mawe wakapata majembe, tena zamani sana. Walikuwa watu wa hapa, wenye mifuo na tanuri zao, na kwa siku zao walikuwa mafundi wa mata kamili. Waislamu wenzangu, Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la chuma, Sura ya Al-Hadid, ya 57. Ndugu zetu Wakristo wanamjua Bezaleli, aliyejaliwa ustadi wa dhahabu, fedha na shaba kwa kazi ya hema takatifu. Kuijua mata na kuifinyanga kumo katika dini zetu na kumo katika udongo wetu. Aliyetuambia kwamba kazi yetu ni kubeba tu alitudanganya, nasi tukakubali upesi mno.

Sasa sikilizeni habari ya silikoni yenyewe, maana huwezi kugombea usichokielewa.

Shaba hupitisha umeme wakati wote. Mpira haupitishi. Silikoni ni semikondakta: unaweza kuiamuru ipitishe, kisha ukaiamuru izuie. Kidude kinachotii amri hiyo huitwa transista, na transista ya kwanza ilitengenezwa Desemba 1947 na John Bardeen na Walter Brattain katika maabara za Bell huko Marekani. Haikuwa ya silikoni. Ilikuwa ya gerimaniamu. Silikoni iliingia baadaye, ikashinda kwa sababu inastahimili joto zaidi na kwa sababu oksidi yake ni kihami kizuri ajabu. Basi kumbukeni hili: hata mfalme huyu aliwahi kuwa mgeni mlangoni.

Ikawa kila transista zilivyopunguzwa ukubwa, chipu ikaenda kasi zaidi, na umeme kwa kila transista ukapungua. Mambo yakawa matamu hadi kufikia mwaka 2004 hivi. Hapo joto likakataa. Mwendo wa chipu ukakwama kwenye gigahezi chache, na tangu siku hizo haujaongezeka hata maradufu. Transista bado zinaongezeka. Chipu iliyotoka mwaka 2020 kwa ajili ya kompyuta za mkononi za Apple ilikuwa na bilioni 16. Lakini kuta zilizo ndani yake zimekuwa nyembamba kiasi kwamba elektroni hupenya hata zikiambiwa zisipite. Ubao wa mashua ukirandwa mno utavuja, hata fundi awe hodari namna gani. Na fundi mwenye akili hapo haulizi tena namna ya kuranda, anauliza mti mwingine.

Na miti mingine ipo! Katika galiamu asenaidi elektroni huenda kwa wepesi wa takriban mara sita kuliko katika silikoni. Gerimaniamu, aliyefukuzwa mlangoni zamani, amekwisha kurudi kimya kimya, amechanganywa na silikoni ndani ya chipu nyingi. Silikoni kabaidi hustahimili volteji kubwa na joto kali, na ndiyo inayoendesha inveta za magari mengi ya umeme. Kuna mirija ya nano ya kaboni. Kuna molibdenamu disalfaidi, inayotandazwa katika tabaka lenye unene wa atomu tatu tu.

Lakini nataka kukaa kwenye galiamu nitridi, kwa sababu imo nyumbani mwenu. Ndiyo, nyumbani mwenu, Mbwera na Salale! Ile taa nyeupe ya sola inayomwangazia mtoto daftari usiku, kiini chake ni fuwele ya galiamu nitridi inayotoa mwanga wa buluu, na juu yake umepakwa unga unaougeuza kuwa mweupe. Kwa miongo kadhaa wanasayansi waliutafuta mwanga huo wa buluu. Wengi waliiacha galiamu nitridi wakaikimbilia zinki selenaidi, kwa kuwa fuwele zake zilikuwa rahisi kukuza. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walikataa kuiacha, pale Nagoya. Na alikuwapo mwingine, Shuji Nakamura, mzaliwa wa Ikata, pwani ya kisiwa cha Shikoku, mbali kabisa na Tokyo. Hakuajiriwa na chuo kikuu chenye jina. Aliajiriwa na kampuni ya Nichia, kampuni ya mkoani iliyokuwa ikitengeneza unga wa kung'arisha taa. Alibadilisha mtambo wake kwa mikono yake mwenyewe, akachomea mabomba, akaukata na kuujenga upya, hadi mwaka 1993 taa angavu ya buluu ikatangazwa. Mwaka 2014 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kijana wa Nyamisati, umesikia? Mtu wa pwani, katika kampuni ndogo ya mkoani, akiwa na mata ambayo wakubwa wameitupa! Sikuhadithii ili ufurahi. Nakuhadithia ili usipate udhuru.

Na kama utasema huyo ni Mjapani na nchi yake ilikuwa na viwanda, nitakupa mwingine. Mwaka 1901 Jagadish Chandra Bose, Mbengali wa Kalkuta, raia wa nchi iliyotawaliwa na Waingereza sawasawa na sisi tulivyokuja kutawaliwa, aliomba hataza ya kifaa cha kunasia mawimbi ya redio kwa kipande cha jiwe la galena. Aliipata Marekani mwaka 1904. Ni miongoni mwa hataza za mwanzo kabisa za semikondakta duniani. Mwaka 1915 Waingereza walipokuwa wakiiwinda manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika mifereji yetu, marubani waliopaa kutoka Mafia waliielekeza mizinga kwa redio. Mawimbi yale yalipita juu ya mikoko hii hii. Juu ya vichwa vya watu wetu! Nao hawakuwa na habari, kwa kuwa hakuna aliyewafunza. Sisi tuna udhuru gani?

Sasa nafika penye kiini cha neno langu, na naomba asisinzie mtu.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu yake ya kwanza ya kuchakata, yenye transista 2,300. Mwaka huo wazee wetu walikuwa bado wanajenga vijiji vipya mlimani baada ya Operesheni Rufiji, wameacha mabonde baada ya mafuriko ya 1968. Mlango wa silikoni ulikuwa wazi, na sisi tulikuwa tunahangaikia paa na kisima. Hatulaumiwi. Walioingia siku zile wakafunga mlango nyuma yao, na leo kiwanda kimoja cha chipu za kisasa kinagharimu zaidi ya dola bilioni 20. Kwa silikoni tumechelewa. Nawaambia kweli, kwa kuwa mahubiri ya uongo ni dhambi.

Lakini tazameni hawa warithi wamefika wapi! Mwaka 2019 watafiti wa MIT walitengeneza kichakataji cha mirija ya kaboni chenye transista elfu 14 na ushei. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, kilionyesha kichakataji cha molibdenamu disalfaidi chenye transista zipatazo 5,900. Elfu tano na mia tisa! Hao ni miongoni mwa walio mbele kabisa, na wako mahali ambapo silikoni ilikuwa miaka ya sabini. Mlango wa silikoni umefungwa. Wa warithi wake bado uko wazi. Atakayeingia sasa ataingia pamoja na wengine. Atakayengoja uthibitisho atanunua.

Na kuna neema nyingine hapo. Vichakataji hivyo viwili, cha MIT na cha Fudan, vyote vinafuata lugha ya amri inayoitwa RISC-V, iliyoanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Lugha hiyo ni huru. Hailipiwi leseni. Kijana mwenye kompyuta ya kizamani na bando la intaneti anaweza kujifunza kuchora kichakataji kwa lugha ile ile wanayotumia wakubwa, akakijaribu kwenye programu za bure kabla hakijatengenezwa. Hilo halihitaji dola bilioni 20. Linahitaji hisabati, na mtu wa kukaa nalo usiku.

Nakemea sasa neno moja ninalolisikia vijiweni: kwamba sisi tuna mchanga, basi chipu tutatengeneza. Acheni! Mchanga wa mto si silikoni ya chipu. Viwanda huanza na mawe ya kwazi yaliyo safi tangu ardhini, ambayo huyeyushwa pamoja na makaa kwa nyuzi zinazokaribia 2,000 za Selsiasi, na tani moja inayopatikana hula umeme wa megawati-saa 11 hadi 13. Hiyo bado ni silikoni ghafi. Ya chipu husafishwa hadi katika atomu bilioni moja chafu isizidi moja. Umeme tunao: maji ya Rufiji, kabla hayajatufikia, yanazungusha mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, jumla ya megawati 2,115. Mawe ya kwazi yapo katika nchi hii. Kinachopungua ni usafi huo, na usafi huo ni elimu tupu. Hauchimbwi.

Ushahidi? Galiamu iko katika boksiti ya nchi nyingi duniani. Hata hivyo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za galiamu ya dunia hutoka China, kwa kuwa wao walidumu kuisafisha wengine walipoona haina faida. Agosti 2023 China ikaweka sharti la leseni kwa kila anayetaka kusafirisha galiamu na gerimaniamu nje, na mataifa makubwa yakatetemeka. Mwenye jiwe hakumtisha mtu. Aliyejua kulisafisha ndiye aliyetisha.

Tazameni na Lubumbashi, mji wa Waswahili wenzetu wa Kongo. Pale kuna kilima cheusi cha mavi ya shaba iliyoyeyushwa, kimelundikwa tangu enzi za Wabelgiji, na watoto wamekua wakikiona kuwa ni takataka. Ndani yake mlikuwa na gerimaniamu. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya STL, tanzu ya Gécamines, ilianza kusafirisha gerimaniamu iliyokusanywa kutoka humo kwenda kwa Umicore, Ubelgiji. Nimefurahi, na nimehuzunika. Hatua ya kwanza sasa inafanywa na mikono ya Lubumbashi. Hatua ya mwisho, ile yenye thamani, bado iko Ulaya.

Nasi je? Vuka Daraja la Mkapa, endelea kusini hadi Ruangwa. Huko kuna madini ya kinywe, na kinywe ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, pale Manchester, walichukua kinywe wakakibandua kwa selotepu, tena na tena, hadi wakabaki na tabaka moja la atomu: grafini. Kwa kazi hiyo walipewa Nobel mwaka 2010. Selotepu! Grafini tupu haiwezi kuzima umeme inavyotakiwa kwenye transista, na hilo lilikatisha tamaa wengi; lakini mwaka 2024 kundi la Walter de Heer, Georgia Tech, lilionyesha grafini iliyokuzwa juu ya silikoni kabaidi ambayo inaweza kuzima na kuwasha, na elektroni zake zina wepesi wa mara kumi kuliko za silikoni. Kinywe cha Ruangwa kikipelekwa ng'ambo magunia kwa magunia bila kijana hata mmoja wa Pwani na Lindi anayeweza kueleza atomu zake zimekaaje, tutakuwa tumepakia boriti upya.

Wenzetu wameanza. Nyeri, Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayofanya kazi ya semikondakta. Hapa kwetu, idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetafiti utando mwembamba wa mata za sola kwa miaka mingi, na Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela inayofundisha sayansi ya mata hadi uzamivu. Njia ya kutoka Kibiti Sekondari hadi huko inapitika. Inaitwa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na ni ngumu, na ni yenu.

Basi nawageukia mmoja mmoja. Wewe fundi simu wa stendi ya Kibiti, unayeng'oa aisii, yaani chipu, iliyoungua kwa hewa ya moto na kuweka nyingine: mikono yako iko karibu na semikondakta kuliko ya mtu yeyote wilayani hapa. Usiishie kubadilisha. Uliza kwa nini imeungua. Soma, chukua mtoto mmoja wa jirani, mfundishe kupima kwa mita. Wewe fundi sola unayekwenda visiwani kwa mtumbwi na inveta mapajani, jifunze tofauti ya silikoni na silikoni kabaidi, maana visiwa vyetu vitaishi kwa betri na sola kwa muda mrefu bado, na kila wati inayopotea kwa joto ndani ya inveta ni wati iliyomkimbia mgonjwa kwenye zahanati.

Mama zangu, msimtoe binti shuleni kidato cha pili. Nawaomba kwa Mungu! Fizikia haina jinsia, na mkono uliozoea kusuka ukili na kuchambua mchele una subira ambayo maabara inaililia. Maimamu, wachungaji, tajeni jambo hili siku za Ijumaa na Jumapili. Mkiweza kuchangisha zulia na spika, mnaweza kuchangisha sanduku la transista na dayodi. Bei yake haifiki ya zulia.

Nanyi madiwani, na wazazi mtakaokaa nao kikaoni: mnakumbuka mwaka 2014 tulivyochangishwa, nchi nzima, kujenga vyumba vya maabara katika shule za kata. Tulitoa. Wengine tulitoa kuku, wengine siku za kufyatua matofali. Sasa nendeni mkafungue milango ya vyumba hivyo, shule kwa shule, na visiwani pia, msiishie za barabarani. Hesabuni mita zilizomo, hesabuni meza zenye umeme, ulizeni ni mwalimu gani anafundisha mada ya elektroniki ya kidato cha nne na kama wanafunzi wake wamewahi kuishika transista au wameichora tu ubaoni. Andikeni majibu kwenye karatasi, yenye jina la kila shule. Pelekeni karatasi hiyo kwenye kikao cha bajeti, na msiondoke ukumbini mpaka kila pengo lililoandikwa humo limewekewa fedha na mtu wa kuulizwa.